Mtungi wa Gesi Ndani ya Buti ya Gari: Yale Mama Anapaswa Kujua

 Popote ulipo wakati huu, iwe ni jikoni, dukani, shambani au safarini, tulia nasi kwa dakika chache. Kama una kijana nyumbani anayependa magari, mwite naye asikilize.

Leo mada yetu ni tofauti kidogo na yale tuliyoyazoea. Tumezungumza hapa kuhusu chanjo, malaria, kuhara na lishe ya mtoto. Leo tunazungumzia gesi iitwayo nitrasi oksidi, ambayo vijana wa magari huita nitrasi au nosi. Ni gesi inayotiwa kwenye injini ili gari liende mbio zaidi kwa muda mfupi, hasa katika mashindano ya mbio za magari mawili katika njia iliyonyooka.

Huenda mama mmoja anasema, "Mimi na injini tuna uhusiano gani? Hayo ni mambo ya vijana na makanika." Mama, subiri kidogo. Mara nyingi gari linalofungwa mtungi huu ndilo linalopeleka watoto shuleni Jumatatu, linalobeba mboga kutoka sokoni, na linalomkimbiza mgonjwa hospitalini usiku. Mtungi ukiwa katika buti, uko nyuma ya viti wanavyokalia watoto wako. Kwa hivyo jambo hili linakuhusu sana.

Tutaangalia mambo manne. Kwanza, gesi hii ni nini na inafanya kazi vipi. Pili, hatari zake nyumbani na ndani ya gari. Tatu, mambo ya lazima kwa kijana ambaye ni mtu mzima na ameamua kushiriki mashindano halali. Nne, huduma ya kwanza jambo likiharibika.

Je, gesi hii ni nini?

Nitrasi oksidi si kitu kigeni katika mambo ya afya. Ilitambuliwa na mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley mwaka wa 1772. Mwaka wa 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, alianza kuitumia ili wagonjwa wasihisi uchungu wanapong'olewa meno. Hata leo, katika baadhi ya hospitali, mama aliye katika uchungu wa kuzaa hupewa gesi hii avute kupitia barakoa. Wengine huiita gesi ya kucheka.

Lakini sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotoka. Gesi anayopewa mama wodini imechanganywa nusu kwa nusu na oksijeni. Mama huishika barakoa mwenyewe, ili akianza kulegea mkono wake uanguke na apumue hewa ya kawaida. Muuguzi au mkunga yuko karibu naye. Gesi ya gari haina oksijeni ya kupumua iliyoongezwa ndani yake, na haikutengenezwa kwa ajili ya mapafu ya binadamu. Jina ni moja, lakini matumizi ni mawili tofauti kabisa.

Sasa inafanya nini kwenye gari? Mama, wewe unalijua jiko la makaa. Makaa yakiwa yamefifia, ukiyapepea yanawaka kwa nguvu. Hukuongeza makaa, umeongeza hewa, na ndani ya hewa kuna oksijeni. Injini ya gari ni kama jiko hilo. Inachoma petroli kwa msaada wa oksijeni iliyo kwenye hewa. Kwa uzito, hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 23 hivi. Nitrasi oksidi ina asilimia 36. Inapoingia kwenye injini na kupata joto la nyuzi 300 hivi, inavunjika na kuachilia oksijeni hiyo. Ndipo injini inapoweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa wakati mmoja, na gari linaruka mbele.

Kwa hivyo gesi hii yenyewe haiwaki. Usidanganywe lakini kwamba haina hatari ya moto. Kama vile upepo unavyouchochea moto wa msituni, ndivyo gesi hii inavyochochea moto wowote ulio karibu nayo.

Hatari ya kwanza: nguvu iliyo ndani ya mtungi

Ukienda kwenye kituo cha petroli kujaza upepo, tairi la gari dogo huwekewa presha ya 30 hivi. Mtungi wa nitrasi ukiwa tayari kwa mbio huwa na presha kati ya 900 na 1,000. Hiyo ni zaidi ya mara thelathini ya tairi lako.

Tena presha hiyo haitulii. Inapanda jinsi joto linavyopanda. Gesi hii ikiwa ndani ya mtungi huwa katika hali ya maji, lakini joto likipita nyuzi 36 na nusu hivi haiwezi tena kubaki maji. Yote inakuwa gesi, na presha inapanda kwa kasi. Nyuzi 36 si joto la ajabu. Gari lililofungwa madirisha na kuegeshwa juani Mombasa, Garissa, Kisumu au Lodwar linaweza kupita nyuzi 50 ndani yake. Ndiyo sababu mtungi haupaswi kuachwa kwenye gari lililo juani, na haupaswi kujazwa kupita uzito ulioandikwa juu yake.

Kuna wengine ambao, wakitaka presha ipande upesi kabla ya mbio, huupasha mtungi joto kwa moto wa gesi. Hilo ni jambo la kuua. Chuma kinacholegezwa na moto upande mmoja, huku presha ikipanda ndani, hupasuka kama bomu. Hakuna namna salama ya kufanya hivyo. Ukimwona kijana yeyote anaelekeza moto kwenye mtungi, waondoe watoto hapo kwanza, halafu mpigie kelele akiwa mbali.

Hatari ya pili: kuvuja ndani ya gari

Mtungi wa kawaida wa gari hubeba kilo nne na nusu za gesi. Gesi hiyo ikitoka yote inajaza kiasi cha lita 2,400. Hebu fikiria mapipa kumi na mawili ya lita 200 kila moja. Nafasi iliyo ndani ya gari dogo la familia haipiti hapo kwa mbali. Hii ina maana kwamba mtungi mmoja ukifunguka ndani ya gari lililofungwa madirisha, hewa ya kupumua inafukuzwa kwa kiasi kikubwa.

Gesi hii haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hivyo hukaa chini, pale watoto walipo. Mtu akipumua hewa isiyo na oksijeni ya kutosha anapata kizunguzungu, anachanganyikiwa, anazimia, na anaweza kufa bila hata kujua kwamba alikuwa hatarini. Dereva akizimia akiwa barabarani, mnajua yatakayofuata.

Hatari ya tatu: kuungua kwa baridi

Tumezoea kuungua kwa moto na kwa maji ya moto. Lakini baridi kali nayo huunguza. Nitrasi oksidi inapotoka kwenye mtungi huwa na baridi ya nyuzi 88 chini ya sufuri. Ikigusa ngozi inaigandisha mara moja. Midomo, vidole na macho huumia sana. Mtoto anayechezea mpira au valvu ya mtungi anaweza kupoteza vidole.

Hatari ya nne: kuivuta

Hapa ninaomba wazazi wote mfungue masikio. Kuna vijana wanaovuta gesi hii kwa kuijaza kwenye baluni, ili wapate raha ya dakika moja au mbili. Wengine wanadhani ni salama kwa sababu wamesikia kwamba hospitali huitumia. Nimeshaeleza tofauti iliyopo.

Gesi inayouzwa kwa ajili ya magari mara nyingi hutiwa kiasi kidogo cha salfa dioksidi makusudi, ili watu wasiivute. Salfa dioksidi huwasha koo na mapafu na kuleta kikohozi na kubanwa kifua. Kwa mtu mwenye pumu ni hatari kubwa zaidi.

Na hata bila hiyo salfa, nitrasi oksidi inayovutwa mara kwa mara huharibu kazi ya vitamini B12 mwilini. Vitamini hii tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na ndiyo inayolinda mishipa ya fahamu na uti wa mgongo. Ikikosa kufanya kazi, kijana huanza kuhisi ganzi na michomo kwenye vidole vya miguu na mikono. Baadaye anayumba akitembea, anajikwaa ovyo, wengine hushindwa kuzuia mkojo. Akicheleweshwa, anaweza kubaki na ulemavu.

Tatizo hili limekuwa kubwa huko Ulaya. Uholanzi ilipiga marufuku matumizi ya gesi hii kwa starehe mwanzoni mwa mwaka 2023, na Uingereza ikafuata mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Kwa hivyo ukimwona mwanao ana ganzi miguuni au anayumba bila kunywa pombe, mpeleke hospitalini na umwambie daktari wazi kwamba huenda amekuwa akivuta gesi. Usifiche kwa aibu. Daktari akijua mapema anaweza kumchoma sindano za vitamini B12, na dawa ya kwanza kabisa ni kuacha kuvuta.

Je, mbio zenyewe?

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Hapa Kenya, kila mwaka kati ya 2021 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani. Wengi wa wanaokufa ni watu wanaotembea kwa miguu na walio kwenye pikipiki. Hao hawakuwa katika mashindano yoyote.

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husafiri mita 28 kwa sekunde moja tu. Kabla dereva hajaondoa mguu kwenye mafuta na kukanyaga breki, gari limekwisha kupita nyumba kadhaa. Na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Mtungi wa nitrasi unaongeza nguvu za injini. Hauongezi nguvu za breki. Haufanyi tairi lililochakaa kuwa jipya. Haumwongezei mtoto anayevuka barabara muda wa kukimbia.

Kwa hivyo neno letu hapa ni moja na halina kona: nitrasi haitumiki kwenye barabara ya umma. Si saa nane usiku, si barabara mpya ambayo haijafunguliwa, si mara moja tu. Mashindano ya kasi barabarani bila idhini ni kosa la kisheria, na pia bima inaweza kukataa kulipa gari lililobadilishwa injini bila kampuni kuarifiwa.

Lakini ni kweli pia kwamba kumkataza kijana tu hakutoshi. Huko Marekani, miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana walikuwa wakishindana barabarani na kuuana. Mwaka wa 1951 bwana mmoja aitwaye Wally Parks alianzisha chama kiitwacho NHRA huko California. Nia yake ilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwapeleka kwenye njia maalum zilizofungwa, zenye sheria, ukaguzi wa magari na watu wa huduma ya kwanza. Hakuwaambia waache kupenda magari. Aliwapa mahali salama pa kuyapendea. Nasi pia tunaweza kujifunza hapo. Kijana anayetaka mbio na atafute klabu inayofuata kanuni za mchezo wa magari nchini, mahali pamefungwa, pana ambulensi, na watazamaji wamewekwa mbali.

Maswali ya kumuuliza kijana

Sasa mama, wewe si makanika. Huhitaji kuwa makanika. Unahitaji tu kujua maswali ya kuuliza. Kijana akishindwa kuyajibu, basi bado hajawa tayari, na gari lisiondoke.

Swali la kwanza: Gari hili ni la nani, na nani mwingine hulipanda? Kama ni gari la familia linalobeba watoto, jibu bora ni kutofunga mtungi kabisa. Kama ni gari lake, mtungi uondolewe siku zote isipokuwa siku ya mashindano. Mtu asiendeshe gari kwenda kazini au kanisani akiwa na mtungi kwenye buti.

Swali la pili: Mtungi umetoka wapi? Mtungi halisi una chapa ya kiwandani inayoonyesha kiwango cha presha unachoweza kubeba na tarehe ya kupimwa. Mitungi ya aina hii hupaswa kupimwa upya kila baada ya muda, kwa kawaida miaka mitano. Mtungi usio na chapa, uliopakwa rangi upya kuficha maandishi, au wenye kutu na mabonyeo, usiingie nyumbani. Tena mtungi wa oksijeni, wa jikoni au wa kizima moto haugeuzwi kuwa wa nitrasi.

Swali la tatu: Umefungwa vipi? Kanuni za NHRA zinataka mtungi ufungwe imara kwa vyuma na bolti kwenye mwili wa gari. Haziruhusu kuufunga kwa kamba za plastiki wala vishikizo vya mipira ya maji. Mtungi usiofungwa vizuri, gari likipinduka, unakuwa kombora ndani ya gari.

Swali la nne: Presha ikizidi, gesi itatokea wapi? Mtungi una kiziba cha usalama kinachopasuka presha ikipita kiasi. Kiziba hicho lazima kiunganishwe na bomba linalopeleka gesi nje ya gari, si ndani walipo watu.

Swali la tano: Nani amefunga mfumo huu, na amefunga swichi gani? Mfumo mzuri una swichi kuu ya kuuwasha na kuuzima. Una pia swichi nyingine inayoruhusu gesi pale tu mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho, na kifaa kinachozuia gesi injini ikiwa katika mzunguko mdogo, kwa mfano chini ya 3,000. Kwa nini? Kwa sababu gesi ikimwagwa injini ikizunguka polepole inakusanyika kwenye njia ya hewa, na ikishika moto inalipuka chini ya boneti.

Swali la sita: Petroli inatosha? Mkumbushe lile jiko. Ukipepea sana na makaa ni machache, jiko linapata moto kupita kiasi. Injini nayo ikipata nitrasi bila petroli ya kutosha, joto linapanda hadi pistoni zinayeyuka. Kwa hivyo pampu ya petroli iwe na nguvu, petroli iwe ya kiwango cha juu, plagi ziwe za aina inayofaa, na fundi arudishe nyuma kidogo wakati wa cheche kuwaka. Anayeanza aanze na kiwango kidogo kabisa, si kile kikubwa alichokiona kwenye filamu. Na injini iliyochoka, inayokula oili au kutoa moshi, haifai kabisa kwa jambo hili.

Swali la saba: Mwendo ukizidi, utasimamaje? Breki, tairi na usukani vikaguliwe kabla ya injini kuguswa. Mshipi wa usalama ufungwe, kofia ngumu ivaliwe, kizima moto kiwe karibu na mkono. Na asiwepo abiria. Hata mpenzi, hata ndugu mdogo anayelia kwamba anataka kwenda naye.

Kwa kupasha mtungi joto, kuna blanketi maalum la umeme lenye kifaa cha kulizima joto likifika kiasi kinachotakiwa. Hilo ndilo NHRA inaruhusu. Moto, jiko, maji yanayochemka na heta ya nyumbani haviruhusiwi.

Na kujaza mtungi ni kazi ya mtu aliyefunzwa, mwenye mizani na vifaa safi. Kuhamisha gesi nyuma ya nyumba kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo kumeleta misiba. Mafuta na grisi kwenye valvu pia ni hatari, kwa sababu vinaweza kushika moto vikikutana na gesi hii yenye presha. Mikono iwe safi, vifaa viwe safi.

Kuhifadhi nyumbani

Mtungi usiwekwe ndani ya nyumba, chini ya kitanda, wala jikoni karibu na jiko au mtungi wa gesi ya kupikia. Uwekwe mahali penye kivuli na hewa ya kutosha, umefungwa usianguke, valvu imefungwa kabisa, na mlango una kufuli. Ufunguo usiachwe mahali mtoto anafikia. Mama mjamzito na watoto wasikae kwenye gereji ambamo mfumo huu unajaribiwa.

Huduma ya kwanza

Mpendwa msikilizaji, sasa chukua kalamu kama unayo.

Ukisikia mtungi unavuja ndani ya gari, simamisha gari, zima injini, fungua milango yote, toeni watu wote na msogee mbali, upande upepo unakotoka. Msiwashe kiberiti wala sigara. Msiingie tena mpaka gesi iishe.

Ukimkuta mtu amezimia ndani ya gari au chumba chenye gesi, usikimbilie ndani mara moja. Wengi wamekufa wakimfuata mwenzao. Vuta pumzi nje, fungua milango na madirisha kwanza, ita msaada, halafu mvute mtu huyo hadi kwenye hewa safi. Kama anapumua, mlaze ubavu. Kama hapumui, anza kumpulizia pumzi na kumbana kifua kama ulivyofundishwa, huku mwingine akipiga simu 999 au 112.

Kama baridi imeunguza ngozi, usisugue. Usitumie maji ya moto wala moto wa jiko. Weka sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga, kwa dakika 15 hadi 30. Nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue. Usipake samli, dawa ya meno wala grisi. Funika kwa kitambaa safi na uende hospitalini. Kama ni jicho, au kama mtu amevuta gesi moja kwa moja kutoka kwenye mtungi, usingoje uone kama atapata nafuu. Nenda mara moja, kwa sababu koo linaweza kuvimba baadaye na kuziba pumzi.

Na kama shida ni kijana aliyezoea kuvuta gesi, unaweza kupiga simu ya NACADA ambayo ni 1192. Simu hiyo ni bure.

Kuzungumza na kijana

Kabla hatujaagana, neno moja kuhusu namna ya kuzungumza. Kijana akitukanwa mbele ya wenzake hataacha. Atauficha mtungi kwa rafiki. Na mtungi uliofichwa ni hatari kuliko ule unaoujua. Chagua wakati ametulia. Mwambie akuonyeshe gari lake, akueleze kila kitu kinafanya nini. Muulize yale maswali saba, moja baada ya jingine, kwa upole. Kama baba yupo, au mjomba anayemheshimu, awe hapo. Halafu mwambie bila kuzunguka mambo ambayo hayana mjadala katika nyumba yako: hakuna mbio barabarani, hakuna mtungi kwenye gari linalobeba watoto, na hakuna kuvuta.

Huenda atakasirika siku mbili. Vumilia, mama. Hasira ya siku mbili inapita.

Tukumbuke basi. Gesi ya gari si gesi ya hospitali. Mtungi haupendi jua wala moto. Gesi ikivuja, toka nje kwanza. Maji ya vuguvugu kwa kuungua kwa baridi, si maji ya moto. Na mbio ni za uwanjani, si za barabarani.

Kama una swali, zungumza na muuguzi katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au na mhudumu wa afya wa kijijini kwako. Mweleze na jirani yako ambaye hakupata kusikia kipindi hiki.

 Tunzaneni, na mtunze watoto.